Vidonge Vinne vya Mdogo Wangu

Shangazi mpendwa,

Hili sijamtamkia mtu yeyote. Kitindamimba wetu alipopewa dawa ya jipu la pajani, mimi ndiye niliyemsomea Mama pakiti, maana iliandikwa kwa ile lugha ya shuleni. Dozi ilikuwa ya siku saba. Nikamwambia siku tano. Vidonge vinne vilivyobaki nilivimeza mwenyewe, kwa ajili ya chunusi zangu.

Jipu likarudi na homa kali, na safari hii dawa ile ile haikufua dafu. Zahanatini nesi akauliza, "Alimaliza dozi?"

"Alimaliza," Mama akajibu kwa maringo. "Nina msomi nyumbani."

Nikatazama viatu vyangu. Kisha nikakumbuka ulivyoniambia, kwamba mdomo ukigoma, niandike. Nikaandika kikaratasi, nikakisukuma chini ya bakuli la pamba.

Nesi alikisoma na hakunigombeza. Akachukua usaha, ukapelekwa maabara ya mjini. Majibu yakaja: wadudu sugu.

"Pengine si kosa lako peke yako," akaninong'oneza, "ila umetuokolea siku nyingi."

Akabadilisha dawa. Jana mdogo wangu alinikimbiza uani akizitania chunusi zangu. Zenyewe bado zipo, zinakusalimu.

Ahsante, Shangazi. Bila maneno yako ningenyamaza.

Nasikia ndara za Mama zikija mlangoni. Tangu juzi nimekuwa nikiifunika barua hii kwa daftari. Leo naiacha wazi, na lugha yake anaijua.

Mpwa wako,
msomaji wa pakiti