Nilimwitia Mkwe Wangu Mwizi, na Kiatu Chake Ninacho

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha kushonea, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikinikuta hivi nilivyo binti yangu hataolewa, na mimi mwenyewe sijui kama nitakuwa bado na mume.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, mtu mzima mwenye akili zangu, na binti yangu wa kwanza amechumbiwa na kijana fundi wa lifti ambaye wazazi wake wanaishi mji mkubwa ambao sikuwahi kuukanyaga, basi mwezi uliopita wakaniita niende wanione, mume wangu akawa na kazi ya kutengeneza pampu za maji ambayo haikuweza kungoja, ikabidi niende peke yangu. Binti yangu akanikalisha chini akanifundisha kuhusu matapeli wa mjini, akaniambia, "Mama, ukishuka tu kwenye basi, mtu akikuchangamkia kama anakujua, huyo tapeli. Akitaka kukubebea begi, tapeli. Akikwambia hoteli uliyoweka imefungwa, twende ninapopajua mimi, tapeli mkubwa. Akikupa kitu cha bure usipokee. Na simu usiitoe nje hata iweje." Mimi nikishika kitu nimeshika, kwa hiyo ile simu niliishonea kabisa ndani ya pindo la sketi ya ndani, mshono mara mbili, kwa zile nyuzi za mapazia mazito.

Sasa nashuka kwenye basi, sijapiga hata hatua mbili, mwanaume mmoja wa makamo, mfupi, ana kofia, ananijia mikono wazi anacheka mpaka jino la mwisho, anasema, "Karibu sana mkwe, karibu nyumbani," na kabla sijajibu ameshashika begi langu, nikamuuliza ananipeleka wapi, akasema, "Ile gesti uliyoweka tumeifuta, utalala vipi gesti na sisi tupo, twende kwetu," kisha akanipa chupa ya maji, akasema chukua, ya kwako hiyo. Mshauri, nilihesabu moyoni yote aliyonifundisha binti yangu na hakubakiza hata moja. Nikamwambia sikujui. Akasema, "Mkwe, ni mimi, baba yake na kijana, tumeongea kwenye simu juzi tu," akatoa simu yake akasema, "Ngoja nikupigie uone," akabonyeza, na sketi yangu ikaanza kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikasema moyoni huyu si tapeli wa kawaida, huyu ana uwezo wa kuliza nguo ya mtu.

Nikapiga kelele za mwizi. Nikampiga na mwavuli. Watu wakageuka, yeye akaona hali imeshakuwa mbaya, akaachia begi akatoka mbio, kwenye ngazi akajikwaa kiatu kikamvuka, akaendelea na kimoja. Nikakiokota kile kiatu nikakitia kwenye begi, niwe na ushahidi.

Nikiwa pale pale kituoni nikamwona mwanaume mwingine ameegemea ukuta, amenuna, hamwangalii mtu, hamsalimii mtu. Nikamwendea mimi mwenyewe nikamwomba anielekeze gesti. Akasema, "Sina muda." Nikamwomba tena, akasema, "Mama, nimekwambia sina muda, usinisumbue." Mshauri, nilifarijika jinsi alivyokuwa na kiburi, nikasema huyu hana dalili hata moja, huyu ndiye mtu mwaminifu. Nilimbembeleza mpaka akakubali, akaniita teksi, tukazunguka na teksi ile mpaka nikasinzia, nikalipa ninachoona aibu kukitaja, asubuhi nafungua dirisha la gesti naona kituo cha mabasi hapo chini, na zile ngazi ninaziona, na mwanamke anazifagia. Ningeweza kuvuka barabara tu.

Kabla ya hapo, tulipofika gesti, nilitaka kwenda kuripoti polisi na kiatu changu, yule mtu wa ukutani akanizuia, akasema hata polisi wa mji ule ni wa bandia. Kisha akaniuzia stika ya mgeni, akasema mgeni asiyeivaa anakamatwa, akanibandika hapa kifuani. Ilikuwa imeandikwa KIOO, SHIKA TARATIBU. Nilimuuliza, siwezi kukudanganya, kusoma najua, akasema ndiyo maana yake hiyo, mgeni anatakiwa ashikwe taratibu. Nikaona ni mji wenye heshima.

Asubuhi hiyo nikafika kwa wakwe, kwa maelekezo aliyoniandikia binti yangu, na stika yangu kifuani. Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua ni yule yule, amevaa ndala za bafuni. Tukatazamana. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akasema taratibu, "Karibu mkwe. Jana nilichelewa kufika kituoni, nikakukosa, utanisamehe." Mkewe akatoka jikoni akanikumbatia, akasema, "Na afadhali hamkuonana, maana mzee alikabwa na vibaka huko huko, wakamvua kiatu. Kimoja, mkwe. Wezi wa siku hizi hata akili hawana." Mzee akasema ndiyo, walikuwa watatu. Wakati wa chakula cha mchana walikuwa watano, mmoja ana kisu. Mimi nakula tu, kiatu kiko kwenye begi pembeni ya mguu wangu. Kuhusu stika hakuna aliyeniuliza, ila nilipotaka kukaa kila mtu aliniwekea mto. Wakati wa kuondoka mzee akasema, "Mkwe, kituoni unisamehe, nitakuagia hapa hapa mlangoni."

Kiatu nimerudi nacho. Kukitupa naona ni kama kumwibia mara ya pili, halafu ni kiatu kizuri, soli mpya. Nikakificha chini ya vitambaa, na wiki iliyopita mume wangu anatafuta mkasi akakiona. Alikivaa, hakikumwingia, akakirudisha. Tangu siku hiyo halali sawasawa, na kila mwanaume anayekuja kuchukua pazia lake, mume wangu anatoka anasimama mlangoni anamwangalia miguu. Mteja mmoja wa zamani, mwalimu, mtu wa miguu midogo, juzi aliombwa avue viatu kwa kisingizio kwamba nimepiga deki.

Na Jumamosi mkwe anakuja, peke yake maana mkewe magoti yanamsumbua, kupanga siku ya harusi. Atavua viatu mlangoni. Mume wangu atavitazama. Nikisema ukweli, binti yangu atajua nilimpiga baba mkwe wake mwavuli hadharani, na mzee ataaibika mbele ya watu kwamba wale vibaka watano ni mimi. Nikinyamaza, mume wangu atajua mwenye kiatu ni nani, ila atajua vibaya. Nifanyeje?

Ni mimi, Mama Mapazia.

JIBU

Mama Mapazia, pole. Nakupa pole mapema kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Tuanze na lisilochekesha. Kumwitia mtu mwizi kwenye kituo kilichojaa watu si kujihami, ni kumtupa mtu motoni ukiwa umesimama pembeni. Umshukuru Mungu kwamba mkwe wako ana mbio. Angekuwa na magoti ya mkewe, leo usingekuwa unaniuliza habari ya kiatu. Ukimwogopa mtu, rudi ndani walipo watu wa kazi, nenda kwenye dirisha la tiketi, simama hapo, sema kwa sauti ya kawaida, "Huyu simjui, nisaidieni." Tapeli ataondoka. Mkwe atabaki.

Binti yako hakukudanganya, alikufundisha nusu. Anayekupokea vizuri na anayetaka kukuibia wana mwenendo mmoja: wote wanacheka, wote wanashika begi, wote wanakwambia usilale gesti. Ukipima watu kwa tabasamu utamfukuza kila mwenye upendo na utabaki na walionuna, kama ulivyobaki. Pima kwa jambo moja: mwambie mtu angoje. Mwambie, "Subiri kwanza nimpigie binti yangu." Mwenyeji atangoja mpaka jua lizame, na simu yake atakupa utumie. Tapeli hawezi kungoja, atakwambia gari linaondoka, mlango unafungwa, polisi wanakuja. Lakini wewe simu ulikuwa umeishona. Mama, simu iliyoshonwa ndani ya sketi hailindwi, imezikwa. Na ilipolia, dada yangu, ilikuwa inakwambia ukweli, ukaamini uchawi.

Yule wa ukutani sitamwonea, alikwambia hana muda na wewe ukamlazimisha akutapeli. Usidhani tapeli lazima akufuate. Wapo wanaongoja ufuate wewe, na hao hawachoki. Mtu anayekwambia mji mzima, pamoja na polisi, ni waongo isipokuwa yeye, anataka ubaki naye peke yako. Safari nyingine ukishuka ingia ofisi ya mabasi umuulize mwenye sare gesti iko umbali gani, kabla hujapanda teksi, na bei mkubaliane ukiwa bado umesimama nje. Namba ya gesti uwe nayo, uwapigie wenyewe kama unaambiwa wamefunga. Anayekuja kukupokea mkubaliane mapema atavaa nini na atakuambia neno gani. Na hakuna mji unaouza ruhusa ya kutembea kwa mkono wa mtu aliyeegemea ukuta. Ukibandikwa stika ya sanduku la vioo na ukasoma kilichoandikwa, yaamini macho yako, hata kama maelezo yanapendeza. Ingawa kwa hiyo mito uliyowekewa, naona kidogo ilifanya kazi.

Sasa mumeo. Mwambie leo, baada ya kusoma hapa, usingoje kesho. Mwambie yote, mwavuli, teksi, stika, na hasa mwambie jinsi sketi ilivyolia. Mwanamke anayetunga uongo hutunga uongo unaoaminika. Huu ukweli wako hakuna anayeweza kuutunga, ndio utakaokuokoa. Atacheka, na akishacheka atalala, maana mtu anayewapima wateja miguu ni mtu anayekupenda na amechoka. Na mwalimu muombeni radhi.

Mkwe wako mimi nimempenda. Umemtia aibu mbele ya kituo kizima, na alipokuona mlangoni kwake jambo la kwanza alilofanya ni kukuomba wewe msamaha. Kisha akazusha vibaka watano ili usiwe wewe. Mtu huyo ndiye unayetaka binti yako amwite baba, kwa hiyo usimwaibishe. Kile kisu kiache, ni chake. Mbele ya watoto hadithi ibaki kama alivyoisimulia, na akiongeza vibaka wengine harusini, wewe tikisa kichwa.

Jumamosi usimngoje nyumbani. Nenda kituoni mapema pamoja na mumeo. Basi likifika, mwendee mkwe mikono wazi, cheka mpaka jino la mwisho. Shika begi lake. Mwambie ile gesti mmeifuta, atalala kwenu. Mpe chupa ya maji, ya bure. Atasita, ana haki ya kusita, nawe umngoje. Akitaka kumpigia mkewe kwanza, mwache apige.

Kiatu akibebe mumeo, maana amekizoea. Amkabidhi mwenyewe, hapo hapo kituoni, na mzee akijaribu. Kikimtosha, mumeo atakuwa amempata mwanaume aliyekuwa akimtafuta wiki nzima, na binti yako atakuwa amepata baba mkwe.