Bado Mmoja Ziwani

Dada Tumpe,

Mwenyekiti wa ufukwe anataka nikuondoe kwenye ukurasa wetu wa simu. Anasema miezi saba inatosha, wavuvi wanaogopa kuikuta ile namba moja kila asubuhi. Hata mimi naiogopa, dada.

Unakumbuka tulivyoutengeneza barazani kwa mama, katikati ya vyungu vilivyosubiri kuchomwa? Kila anayeingia ziwani aandikwe "ametoka", akifika aandikwe "amerudi", ili asiyeonekana atafutwe mapema. Wewe uliandika prosija, programu ndogo ndani ya kanzidata, ihesabu waliobaki majini na kurudisha idadi. Mimi nilitengeneza ukurasa wa kuionyesha. Ukaniambia, "Mimi narudisha tu, bwana mdogo. Usipopokea, shauri yako." Nikacheka.

Sikupokea. Niliiita prosija yako nikasahau mstari wa kuchukua jibu lake, ukurasa ukabaki na sifuri niliyoiweka ya kuanzia. Na tulikuwa tukiujaribu jioni tu, maana mchana mlikuwa kwenye udongo wewe na mama. Jioni mitumbwi yote imeshapandishwa mchangani, kwa hiyo sifuri ilikuwa sahihi. Tukapongezana kabisa.

Siku uliyopeleka vyungu Matema kwa mtumbwi peke yako, ziwa lilichafuka. Sisi nyumbani tulidhani umelala kwa shangazi. Mwenyekiti alifungua simu, akasoma: waliobaki ziwani, 0. "Ndaga, asanteni, wote wamefika," akasema, watu wakatawanyika. Kumbe prosija yako ilikuwa ikirudisha moja kila ilipoulizwa, na mimi ndiye niliyeiziba mdomo. Mtumbwi wako ulionekana kesho yake. Wewe hapana.

Nikaongeza ule mstari. Ni mmoja tu, dada. Tangu hapo ukurasa unasema 1 hata mitumbwi yote ikiwa mchangani. Mama kusoma kunamshinda, lakini namba anazijua; kila asubuhi huniomba simu, huitazama, kisha hurudi kwenye udongo wake.

Jana nilimtii mwenyekiti. Neno la kumtoa mtu ziwani tuliweka moja tu, basi nikaandika "amerudi". Mama akaiona sifuri. Alinawa mikono, akajifunga kitenge kipya, akashuka ufukweni kukupokea. Nilimkimbilia kumrudisha, akanikatalia.

"Simu yako mwenyewe imesema kafika," aliniambia. "Sasa wewe unasemaje?"

Leo nimeirudisha ile moja. Mwenyekiti atafoka, na afoke. Nisamehe, na ukae hapo kwanza, dada, maana neno jingine la kuandika silipati.

Mdogo wako,
uliyemwachia ukurasa