Sufuria ya Kunde

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudi kazini viatu vimejaa maji. Mvua kutwa. Mashuka ya hoteli hayakauki, tunayapiga pasi yakiwa mabichi, mgongo wangu ndio unaolipa.

Nimefungua mlango, moshi. Mume wangu Haji kaunguza kunde za nazi. Yuko sebuleni, simu mkononi, anatazama mpira. Sufuria yangu kubwa, aliyonipa mama nilipoolewa, chini imeganda tui na kunde kitu kimoja.

Nikamuuliza vipi sufuria.

"Nshairoweka."

Basi. Tumekula mkate na chai.

Jumanne, 5 Mei

Bado imo uwani. Maji yamekuwa ya kahawia, juu yanaelea mafuta. Nimepika wali kwenye kisufuria cha maziwa, mara mbili, maana mara moja hautoshi. Haji kala, kashukuru, kanyanyuka. Kwenda kunawa kaipita, kurudi kaipita.

Kuunguza si kosa. Hata mimi naunguza. Kinachonichoma ni huko kuroweka. Anaroweka, kisha anangoja mikono yangu.

Siigusi. Nimeapa.

Jumatano, 6 Mei

Inanuka. Bi Mwanaidi wa ghorofa ya juu kachungulia dirishani, anauliza kama kuna panya kafa. Nikamwambia hapana, ni sufuria. Kacheka mpaka kakohoa.

Mimi sikucheka.

Alhamisi, 7 Mei

Mama yake Haji kapiga simu kutoka Makunduchi. Jumatatu ana miadi ya macho hospitali, kwa hiyo anakuja Jumamosi na atalala kwetu. Nitampikia nini, na ndani ya nini?

Nimemwambia Haji aisugue leo. Kasema kesho.

Hapo ndipo nilipochemka. "Mimi nnatoka asubuhi nnarudi magharibi. Wewe kutwa umo ndani. Kazi yako nini?"

Kavaa kanzu yake, katoka.

Najua. Anatembeza wageni, na masika hakuna wageni. Wenye kazi walimwambia asubiri mpaka mvua ziishe. Namuona simu ikilia anavyoirukia. Najua hayo yote na bado nimesema. Nilitaka neno limuume.

Ijumaa, 8 Mei

Hatusemezani.

Kiapo kimenishinda. Nimeyamwaga maji yale, nimeziba pua. Nimesugua kwa jivu na kumbi la nazi. Halafu ndimu na chumvi. Halafu waya. Nimechemsha magadi ndani yake, kidogo tu kikabanduka, kingine kimekaa pale pale. Ubavuni imetakata, chini nyeusi vile vile. Kucha zimekatika.

Waya kwenye sufuria unasikika mpaka njiani. Haji alikuwa sebuleni. Kanisikia. Nikamsikia anakohoa. Hakuja.

Nimeitupa sufuria chini nikalia. Si kwa huzuni. Kwa hasira.

Jumamosi, 9 Mei

Mama mkwe kafika kabla ya adhuhuri na mihogo na pweza mkavu. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia marahaba, kaenda uwani kuosha miguu. Mimi nikaingia kutayarisha chai.

Nikasikia waya.

Nimetoka mbio. Kajifunga kanga kiunoni, kachutama, sufuria katikati ya magoti yake. Mama wa watu, macho mabovu, ametoka safari!

"Mama, acha, tafadhali."

"Nani kaiunguza?"

Nikisema Haji, namshitaki mtu kwa mama yake. Nikisema mimi, nitakuwa nimesema uongo, na sikuwa tayari kumbebea hilo.

Haji kasimama mlangoni. Kamuona mama yake mikono imejaa masizi. Nilidhani atarudi ndani.

"Mimi, mama."

"Haya, njoo."

"Naam."

Mama kampa waya, kamwachia kigoda, kaja kukaa na mimi kwenye kizingiti. Tukamtazama anasugua. Muda si mchache. Kisha mama kasema, taratibu, kama anazungumzia mvua:

"Baba yake alikuwa mtu mwema. Lakini kafa hajapata kuosha hata kikombe. Nimemsamehe mengi, mwanangu Rahma. Hilo bado."

Mkono wa Haji ukasita. Sijapata kumsikia mama akimsema marehemu. Wala yeye, nadhani. Kisha kainamisha kichwa, kaendelea, kwa nguvu zaidi. Kasugua mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Jumapili, 10 Mei

Mvua imekatika. Mama kalala baada ya kusali adhuhuri.

Sufuria inang'aa, ila chini kumebaki doa, upana wa kiganja. Haji kasema halitoki. Nikasema haidhuru.

Kaigeuza sufuria, kisha: "Lile neno la Alhamisi limeniuma."

"Najua."

"Kwani mimi nimependa kukaa?"

"Hukupenda. Nisamehe kwa nilivyolisema." Sikusema zaidi, kwa sababu lililobaki lilikuwa kweli, na naona yeye pia kalijua.

Kauliza maji ya wali yanapimwaje. Nikamwonyesha kwa kidole, nikaondoka jikoni. Haikuwa rahisi kuondoka. Nilisikia mfuniko unafunguliwa kila saa, nikauma ulimi.

Wali umetoka bokoboko. Tumekula sote watatu. Mama kasema umeiva.

Sasa nimejilaza. Uwani maji yanamwagika, vyombo vinagongana, Haji anakohoa. Sikwenda kuangalia.