Mlango wa Pili wa Barua

Jumatatu, Machi 3

Shikamoo mjomba,

Magoti yanasemaje na baridi hii? Sisi wazima, cherehani zinazunguka. Mgonjwa ni seva yetu ya barua pepe, ile uliyotufungia kwenye stoo. Wiki iliyopita iliyumba siku nzima, na kila aliyetuandikia alirudishiwa barua yake papo hapo: anwani haijulikani. Mmoja wao ni hospitali, na unajua tunaishi kwa kuwashonea sare. Karani wao akanipigia: "Dada, mmehama au mmefunga? Ikirudi tena, oda ya mwaka huu naipeleka kwingine." Ikienda, mafundi wangu wawili wanakwenda nayo. Muuza kompyuta anataka ninunue mashine ya pili. Sina uwezo huo. Nifanyeje?

Mpwa wako

Jumatano, Machi 5

Marahaba mpwa wangu,

Magoti usiyaulize. Tuzungumze seva.

Nikueleze taratibu, unanijua. Seva ikizimika kabisa, barua hazipotei mara moja. Mashine ya mtumaji inabisha hodi, haijibiwi, inarudi baadaye; nyingi huvumilia siku kadhaa. Yako haikuzimika. Ilikuwa nusu hai: diski inakufa, haimkumbuki mtu yeyote, lakini bado inaitikia hodi. Ni bawabu mlevi anayemwambia kila mgeni, "Huyo hakai hapa." Ikiyumba tena, chomoa waya. Usiionee huruma.

Kisha muombe rafiki yako wa duka la kuchapa kadi, mwenye seva kama yako. Kwenye jina lenu la mtandao andikeni milango miwili: wa kwanza wako, wa pili wake. Wako ukifungwa, barua zinapokewa kwake na kulala huko. Ukifungua, zinakuja zenyewe. Nawe umfanyie vivyo hivyo. Mpe anwani zenu zote, asije akapokea na takataka. Hakuna cha kununua.

Mjomba wako

Jumatano, Machi 12

Shikamoo mjomba,

Hata kama hutaki, nauliza: magoti je? Huku tumemaliza! Mwenye kadi amekubali, tena ni muungwana kweli. Ameona stoo yetu ina feni, akabeba seva yake akaileta hapa ili zisaidiane vizuri. Zimekaa bega kwa bega kama mapacha.

Mpwa wako

Alhamisi, Machi 13

Marahaba mpwa wangu,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuangalia kama mimi ni mzima. Umeme ukikatika hapo stoo, mapacha wanalala pamoja. Bomba likipasuka, wanazama pamoja. Mrudishie mwenzako mashine yake leo hii, na hiyo feni mpe akitaka.

Jumamosi uizime yako kabisa, nami nitakuandikia. Ni jaribio. Usinijibu kwa simu. Nijibu barua ikishaingia kwenye seva yenu.

Mjomba wako

Jumamosi, Machi 15

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo? Barua hii naituma kwenye mlango uliofungwa, kwa makusudi. Ukiisoma, jua imelala ugenini kwanza. Nijibu upesi. Hiyo oda yako inaninyima usingizi kuliko magoti.

Mjomba wako

Jumanne, Machi 18

Shikamoo mjomba,

Najua umeshinda na simu mkononi tangu Jumamosi. Nisamehe. Jaribio letu halikungoja siku yake. Ijumaa asubuhi, mwenye kadi akiwa ameshachukua mashine yake, diski yetu iliyumba tena. Sindano, mkubwa wa mafundi wangu, akanishika mkono: "Dada, iache, bado inapumua!" Nikamwambia, "Inapumua uongo." Nikachomoa waya.

Jana nilikata vitambaa kutwa bila kujua namkatia nani. Leo mwenye kadi amekuja na diski ya kompyuta yake ya zamani, tukarudisha ile nakala ya seva uliyotuachia, tukawasha. Barua zilizolala kwake zikaanza kuingia kwa foleni, yako mbele. Sindano akasema, "Mzee huyu hata foleni ya mashine anawahi!"

Nyuma yako ilikuwa ya hospitali, ya jana. Oda ya mwaka mzima, mjomba, na wanataka jibu kabla ya kesho mchana, la sivyo wanamwandikia mwingine. Nilijibu nimesimama. Wameshathibitisha. Karani hakuuliza lolote. Kwake yeye hatukuzima hata dakika moja. Mafundi wangu wako hapa nyuma yangu, wanagombania mkasi.

Kwa hiyo jibu la jaribio lako: imefika.

Sasa na wewe nijibu. Magoti yanasemaje?

Mpwa wako