Chumba cha Kulipia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mwamgongo mimi sijambo. Mjomba wako amehamia Kidahwe na wanawe, kwa hiyo siku hizi nazungumza na kuku.

Umeniuliza ujifungulie hospitali ya serikali au ya binafsi. Nilipokuwa na mimba ya mama yako, babu yako aliuza nyavu zake akanipeleka ya kulipia, Kigoma mjini. Mimi nilizoea za serikali, nikabeba beseni, glovu na wembe. Nesi akacheka: "Mama, hapa vyote vipo."

Kweli vilikuwepo. Ila hela yote iliishia kwenye bili, mama yangu akabaki huku kwa kukosa nauli ya boti. Mtoto alipolia, nilisubiri kigelegele cha mama yangu kwa mazoea. Chumba kizima kimya. Basi nikakipiga mwenyewe, pale pale kitandani. Nesi akaja mbio, akidhani nimezidiwa.

Wewe chagua hospitali unayoimudu, mama. Ila kabla hujalipa kokote, toa kwanza nauli yangu. Kigelegele ninacho.

Bibi yako, Mwamgongo