Pini Tatu za Kufuli la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umetulia na wifi bado anakukataza kuinama. Mimi ni mzima. Goti moja linalalamika, lakini nimelizoea kama nilivyowazoea wahariri.

Tangu nistaafu gazetini nimekuwa nikitafuta kazi ya mikono, na nimeipata: kufungua makufuli bila ufunguo, kwa kujifurahisha tu. Usicheke. Wiki iliyopita nilikwenda dukani kuchagua vyuma vya mtu anayeanza. Binti muuzaji alinifunulia mkoba wa ngozi wenye vyuma thelathini na viwili, akasema mama mtu mzima kama mimi anastahili kitu kamili. Nikakumbuka maneno ya Baba, kwamba fundi mwenye vyuma vingi haviamini vidole vyake. Nikaomba seti ndogo: kulabu mbili, fupi na ndefu, chuma kimoja chenye mawimbi kama msumeno butu, na vyuma viwili vyembamba vya kukazia tundu la ufunguo. Nilikikunja kila kimoja kwenye ukingo wa kaunta. Kilichobaki kimepinda nilimrudishia, akanibadilishia bila kununa. Akaniongezea kufuli la plastiki angavu la kujifunzia, ambalo unaziona pini, vile vijiti vinavyolizuia lisifunguke, zikipanda ndani, pamoja na onyo: fungua lako tu, au la mtu aliyekuruhusu. Kisha akaniuliza nimefungiwa nje wapi.

Pini ya kwanza ilipokaa mahali pake, nilijikuta karakanani kwetu: jiriwa lenye mdomo uliopinda, tupa zimepangwa kwa urefu, unga wa shaba kwenye nyusi za Baba. Wewe alikuita Nyundo, mimi Sindano. Mwezi ule ulipovunja funguo ndani ya makufuli matatu, alisema hata mlango ulio wazi ungekushinda. Ulicheka kuliko sisi sote.

Mtihani wake unaukumbuka. Alitundika kufuli la shaba juu ya meza, akatangaza kwamba atakayelifungua bila ufunguo ndiye atakayeachiwa karakana, na mwingine akatafute riziki kwingine. Nyumba nzima ilijua ni mimi. Ukalifungua wewe, kabla chai ya Baba haijapoa, naye akabaki ameshika kikombe bila kunywa.

Sasa jambo nililolikalia miaka arobaini na mmoja. Siku moja kabla, Baba akiwa anaoga, nilichukua ufunguo kwenye mfuko wa koti lake, nikalifungua kufuli, nikatoa pini tatu kati ya tano, nikalifunga tena, likiwa jepesi hata kwa Nyundo. Nilitaka kuwa mwandishi wa habari na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Kushindwa makusudi kusingenisaidia. Baba alivijua vidole vyangu, angesubiri. Ilibidi ushinde wewe. Na nilijua chini ya godoro lako kuna barua ya shirika la reli, ikikuita kazini mwanzo wa mwezi uliofuata. Niliisoma. Nikanyamaza. Maisha yangu yote ya kazi nimewauliza watu kwa nini walinyamaza.

Siku niliyostaafu ulinipa kufuli lile lile, limefungwa, ukasema ufunguo ulipotea zamani. Jumatano nililifungua kwa kulabu fupi. Nilitarajia pini mbili, nikahesabu tano. Nikalitoa moyo wake nikazimwaga mezani. Mbili zimechakaa. Tatu ni za mkono mwingine, zimekatwa kwa tupa zikalalia kushoto kidogo, kama kila kitu unachokikata wewe.

Kwa hiyo ulijua. Ninachokuomba ni tarehe tu. Kama uligundua baada ya miaka, nisamehe. Kama uligundua kabla mwezi ule haujaisha, reli ikiwa bado inakusubiri, basi niambie kwa nini ulibaki, nami nitasikiliza bila kalamu.

Msalimie sana wifi, na uwaambie wanao shangazi yao anakuja Jumamosi. Siku hiyo funga karakana, wala usiniachie ufunguo chini ya tofali. Nakuja na vyuma vyangu vitano, na ninaomba ruhusa ya mwenye kufuli.

Mdogo wako,
Sindano