Mama Mkwe, Vidonge Havikukuua

Mama mkwe wangu mpendwa,

Wanasema mimi ndiye niliyekuua. Wamelisema kaburini kwako, udongo ukiwa bado mbichi. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye shahidi niliyekuwa naye, na sasa umeondoka.

Unakumbuka Elias aliponileta kwako mara ya kwanza? Nilikuwa nesi mgeni pale Kibondo, nimepangiwa kazi kutoka Singida, sijui neno hata moja la Kiha. Ulinipigia makofi ya salamu nikasimama kama gogo. Ukacheka, ukanishika mikono yote miwili, ukaipigisha makofi mpaka ikapatia. "Huyu anaona aibu," ukamwambia mwanao, "lakini hakimbii."

Nilipohamishiwa Kasulu tukaja kukaa kwako, ndipo nikaona ulivyopanda kile kilima cha nyumbani. Ulisimama kila baada ya muda, ukijifanya unatazama maharage ya jirani. Miguu ilikuwa imevimba, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Ulilala umeketi, umeegemea gunia la mahindi, maana ukijilaza tu pumzi inakata. Shemeji Festo, mwanao mkubwa, alikuwa na jibu lake tayari: umerogwa. Alishakupeleka kwa mganga huko Munanila, ukarudi na chale kifuani na miguu ileile.

Nikakupeleka hospitalini kwetu. Daktari akasema presha ya miaka mingi imeuchosha moyo, umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa. Ukamuuliza kama utarudi kuwa wa zamani. Akasema pengine hautarudi, ila unaweza kusaidiwa usizidi kuchoka.

"Basi tuusaidie," ukasema. "Umenibebea watoto na mizigo, nitautupaje?"

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi kidonge cha kupunguza maji, ambacho wewe ulikiita "kile kinachonikimbiza chooni." Kidonge cha presha. Halafu digoksini, kile kidogo cha kuupa moyo nguvu, ambacho sikukupa hata siku moja kabla ya kukushika mkono na kuhesabu mapigo yako. Nilikueleza sababu mbele ya watu wote wa nyumbani: mapigo yakiwa ya polepole mno, dawa hii inaweza kugeuka sumu. Festo alikuwepo. Katika maelezo yangu yote aliokota neno hilo moja, akaondoka nalo.

Wewe na mimi tuligombania chumvi tu. Ulivyopenda dagaa wakavu wa Kigoma! Nikikuwekea maharage ya ndimu na kitunguu, unasogeza sahani.

"Unanilisha kama mgonjwa."

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Mimi naumwa moyo, siumwi ulimi."

Lakini ulikula. Miguu ikapungua, ukaanza kulala kitandani, na siku moja nikakuona juu ya kilima unaniita mimi niliyebaki nyuma nikihema.

Kisha nikaenda Singida likizo. Elias nilimfundisha kupima mapigo, na alikuwa akikupa dawa kabla ya kwenda shuleni kufundisha. Siku moja Festo akaja Elias akiwa kazini, akabeba vidonge vyote, akakupa dawa ya mizizi. Ukambembeleza Elias asinipigie simu, nisikatishe likizo. Niliporudi nilikukuta umevimba mpaka uso, midomo imebadilika rangi, huwezi kumaliza sentensi. Tulikukimbiza wodini. Wenzangu wakakuwekea oksijeni, wakakuchoma sindano ya kutoa maji, na mfuko wa mkojo ukajaa mbele ya macho ya Festo aliyesimama miguuni pa kitanda. Pumzi iliporudi, wewe ndiye uliyeanza kusema.

"Festo, mwanangu, najua unanipenda. Lakini dawa zangu usiziguse tena."

Hakuzigusa. Ulilima tena bustani yako. Binti yetu Neema alipozaliwa ulimpokea mikononi mwako, ukampa jina wewe mwenyewe. Hiyo miaka, Mama, hakuna atakayeninyang'anya.

Ilikuwa mwaka 2015, wodi zimejaa wagonjwa wetu na wakimbizi waliotoka Burundi, Elias aliponipigia simu nikiwa zamu. Ulikuwa uani unapukuchua maharage, ukainama, basi. Moyo ulisimama mchana kweupe. Sikuwahi kukuahidi kwamba vidonge vingekuweka milele, nawe hukuwahi kuniuliza.

Kaburini Festo akapaza sauti: "Mke wa Elias alikiri mwenyewe kuwa dawa ile ni sumu!" Watu wakanigeukia. Shangazi mmoja akanivuta kanga, akaninong'oneza kwamba mkwe hasemi mazishini. Nilisema.

"Ndiyo, nilisema inaweza kuwa sumu. Ndiyo maana nilimshika mkono kila asubuhi kabla ya kumpa. Wewe mizizi yako ulimpima nini kabla ya kumpa?"

Festo akaitisha kikao cha ukoo. Nikatakiwa niombe radhi, tena niape kwamba sitampa dawa mtu yeyote wa ukoo huu. Elias alikaa ubavuni kwangu. Nikawaambia sitaomba radhi, wala sitaapa, na anayetaka kunifukuza kwenye nyumba ya mume wangu aanze kwa kumfukuza mume wangu.

Ndipo Mama mdogo Yustina, mdogo wako asiyesemaga vikaoni, akainuka taratibu akishika ukuta.

"Mmemaliza?" akawauliza. "Mimi tangu mavuno nikitoka kisimani nakaa chini mara kwa mara kutafuta pumzi. Mkwe, kliniki yenu ni siku gani?"

"Jumatano, Mama."

"Basi Jumatano."

Festo akamwita. Hakugeuka. Na Jumatano nilipofika kazini nilimkuta kwenye benchi, wa kwanza kabisa, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Nakulilia, Mama. Nalia jikoni, nalia njiani, kisha navaa sare nyeupe naingia wodini. Msamaha wanaoutaka hawataupata. Wewe pokea heshima zangu zote, nakuaga.

Mkwe wako,
Mama Neema